Insha nzuri haitoshi: Jinsi mwandishi chipukizi anavyojifunza kubuni hadithi

KUNA dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wapenzi wengi wa Kiswahili nchini kwamba mtunzi wa hadithi huzaliwa, hafunzwi. Kwa mujibu wa dhana hiyo, aliyejaliwa kipawa huketi tu na kalamu ikateleza yenyewe, ilhali asiyejaliwa hata akikesha usiku kucha hataambulia kitu. Imewakatisha tamaa vijana wengi ambao rasimu yao ya kwanza haikupendeza. Aidha, imewapumbaza wengine ambao walizoea kupata alama 38 kati ya 40 katika insha, wakadhani kwamba alama hizo ni cheti cha utunzi.

Ukweli ni kwamba utunzi wa hadithi ni ufundi, sawa na useremala au ususi wa mikeka. Kipawa chaweza kumpunguzia mtu mwendo, lakini hakimwondolei safari yenyewe. Seremala hujifunza kwa kumtazama fundi, kwa kuharibu mbao na kwa kuranda upya. Mwandishi naye hana njia nyingine ila hiyo.

Zipo nchi ambazo ufundi huu hufunzwa darasani kama taaluma kamili. Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, kwa mfano, kimekuwa na programu ya kuwanoa watunzi tangu mwaka wa 1936. Kwa mwandishi wa Kiswahili, hata hivyo, chuo kimekuwa hasa vitabu vya waliomtangulia, meza ya mhariri na mashindano ya uandishi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, anayetajwa kuwa mwasisi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alijitokeza kwa njia hiyo. Mswada wake wa ‘Mzimu wa Watu wa Kale’ uliibuka mshindi katika mashindano ya mwaka wa 1957-58 yaliyoandaliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ukachapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1960.

Swali basi si kama ufundi huu unafunzika. Swali ni hili: anayetaka kujifunza aanzie wapi? Kwa kijana aliyesomea Kenya, jibu linashangaza kidogo. Hana budi kuanza kwa kuweka kando baadhi ya mambo aliyofunzwa.

Mazoea ya darasani

Kwa miaka mingi, mtahiniwa wa KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, alipimwa ubingwa wake wa lugha kupitia insha. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili humtaka mwanafunzi atunge kisa kitakachobainisha maana ya methali fulani, au kianze ama kumalizika kwa maneno aliyopewa. Insha ina manufaa yake. Humfunza mwanafunzi sarufi, tahajia na mpangilio wa aya, na humpanulia msamiati. Hakuna mwandishi asiyehitaji hayo.

Tatizo ni kwamba insha ya mtihani huandikwa kwa ajili ya msomaji mmoja ambaye ni mtahini, naye huisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi akitafuta ushahidi wa umilisi. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hujizoesha mambo matatu. Kwanza, hupamba kila sentensi kwa tamathali na misemo aliyoikariri. Pili, hutangaza hisia za wahusika badala ya kuzifanya zionekane. Tatu, hufunga kisa kwa funzo, asije mtahini akadai kwamba methali haikujitokeza.

Msomaji wa hadithi si mtahini. Hakulazimishwa kusoma, na hapimi umilisi wa mtu. Anataka kuingia katika nyumba ya watu asiowajua na kuamini kwamba watu hao wapo. Mapambo yanayompa mwanafunzi alama ndiyo hayo hayo yanayomzibia msomaji huyu mlango.

Tuseme kijana anataka kusimulia kisa cha mama aliyeuza cherehani yake ili kumlipia mwanawe karo. Akiandika kwa mazoea ya darasani, huenda akaanza hivi:

“Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama yangu alikuwa maskini hohehahe asiye mbele wala nyuma. Siku hiyo aliiuza cherehani yake ya pekee ili anilipie karo. Alihuzunika ghaya ya kuhuzunika, machozi yakamtiririka njia mbilimbili. Nami nilimhurumia si haba.”

Hakuna kosa la sarufi hapo, na pengine alama zingekuwa za kuridhisha. Lakini mama huyo haonekani. Angeweza kuwa mama yeyote, katika nyumba yoyote. Machozi yake yamekwisha kutiririka katika maelfu ya insha nyingine, na msomaji amekwisha kuyazoea.

Tazama sasa kisa hicho hicho kikisimuliwa na mtu anayekumbuka chumba chenyewe:

“Niliporudi kutoka shuleni, meza ya cherehani ilikuwa tupu. Mama alikuwa amekifua kile kitambaa alichozoea kuifunikia, akakikunja mara nne, akakiweka pale pale mashine ilipokuwa. ‘Karo imelipwa,’ alisema bila kunitazama. ‘Nawa mikono, ule.’”

Neno ‘huzuni’ halimo katika aya hiyo, wala ‘umaskini’, wala ‘upendo’. Hata hivyo, yote matatu yamo. Yamebebwa na kitambaa kilichofuliwa na kukunjwa, na macho yanayokwepa kutazamana. Msomaji ameachiwa kazi ya kugundua, na kile mtu alichokigundua mwenyewe hukiamini kuliko alichoambiwa. Hiyo ndiyo siri kubwa ya ufundi huu: kumwamini msomaji. Kanuni nyingine nyingi ni matawi ya mti huo mmoja.

Haya hayamaanishi kwamba methali na tamathali hazina nafasi katika hadithi. Bibi anayezungumza kwa methali atazungumza kwa methali, kwa kuwa ndivyo alivyo. Kosa ni pale methali inapotumiwa na mwandishi kukwepa kazi ya kutazama.

Nani anasimulia?

Uamuzi wa pili mzito anaokabiliana nao mwandishi ni kuhusu msimulizi. Wengi hawaufanyi kwa makusudi. Huandika ‘mimi’ au ‘yeye’ kwa bahati tu, kisha kisa kikawapotea katikati ya safari.

Katika kisa cha cherehani, mtoto aliyerudi kutoka shuleni anaiona meza tupu lakini hajui mashine ilinunuliwa na nani, wala kwa bei gani. Kutojua huko ni mali kwa mwandishi, kwani ndiko kunakozaa taharuki. Mama akipewa nafasi ya kusimulia, kisa kinakuwa kingine kabisa: kuna mlango wa mnunuzi, kuna kubishana kuhusu bei, kuna mwendo wa kurejea nyumbani akiwa na kitambaa peke yake mkononi. Msimulizi maizi, yaani yule anayejua yote, anaweza kuingia katika nyoyo za wote wawili, ila naye hulipa gharama yake, maana msomaji hawi karibu sana na yeyote kati yao.

Waandishi waliobobea huchagua kwa kupima faida na hasara. Ken Walibora, aliyefariki mwaka wa 2020, alimpa Kongowea Mswahili nafasi ya kujisimulia mwenyewe katika ‘Siku Njema’ ya mwaka wa 1996, na ndiyo maana msomaji husafiri naye kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba bila kujua atakalokumbana nalo. Katika ‘Kidagaa Kimemwozea’ alitumia msimulizi wa nafsi ya tatu, kwa kuwa kisa kilihitaji kuonyesha jamii nzima, kuanzia kasri la mtawala hadi kibanda cha mtumishi.

Kosa linalojitokeza mara kwa mara katika miswada ya chipukizi ni mtoto msimulizi kueleza alichokuwa akikiwaza mama njiani, jambo ambalo hakuwa na namna ya kulijua. La pili ni la lugha. Mtoto wa miaka 10 akisema ‘ghaya ya kuhuzunika’, msomaji haisikii tena sauti ya mtoto bali ya mwalimu aliyejificha nyuma yake.

Mhusika anataka nini?

Hadithi haianzi kwa sababu jambo limetokea. Huanza kwa sababu mtu fulani anataka kitu na kuna kinachomzuia. Mama anataka mwanawe asome. Sawa, lakini huo ni upande mmoja tu. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikimpa senti zake mwenyewe, asilazimike kumpigia magoti shemeji wala jirani. Kwa kuiuza ameuza pia uhuru wake.

Na mtoto je? Hapa ndipo mwandishi anapopaswa kujiuliza swali ambalo insha haimruhusu kuliuliza. Itakuwaje ikiwa mtoto huyo alikuwa amekwisha kuamua kuacha shule? Itakuwaje ikiwa alipanga kumwambia mama jioni ile ile kwamba amepata nafasi ya kujifunza umekanika katika gereji mjini, kisha akaikuta meza tupu? Sasa chakula alichowekewa hakimezeki. Akisema ukweli, atakuwa ameifanya kafara ya mama kuwa bure. Akinyamaza, atakuwa ameyatupa maisha aliyoyataka. Hakuna mwovu katika nyumba hiyo. Kuna watu wawili wanaopendana, na upendo wenyewe ndio uliogeuka kuwa mtego.

Msuko wa hadithi huzaliwa papo hapo. Mwandishi hana haja ya ajali ya barabarani, mjomba tajiri kutoka ng’ambo wala ndoto inayokatizwa na mlio wa kengele. Kila tendo linalofuata litatokana na watu hao wawili walivyo.

Wahusika wanaodumu katika fasihi ya Kiswahili ni wa aina hiyo. Maimuna katika ‘Utengano’ ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyotoka mwaka wa 1980 na ambayo iliwahi kutahiniwa katika shule za Kenya, si malaika wala si shetani. Ni msichana aliyefungiwa nyumbani na baba mkali, ambaye kiu yake ya uhuru inaeleweka hata pale inapomwangamiza. Msomaji anayetaka kumhukumu hujikuta akimwelewa kwanza.

Sambamba na wahusika ni mandhari. Mwandishi hana budi kukijua kile anachokiandikia. Adam Shafi katika ‘Kuli’ ya mwaka wa 1979 aliandika kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka wa 1948, na nguvu ya riwaya hiyo inatokana na uzito wa magunia na joto la jua yanayohisika mgongoni mwa kuli. Anayetaka kuandika kuhusu fundi cherehani akaketi na fundi cherehani. Atatambua jinsi uzi unavyolambwa kabla ya kutungwa sindanoni, na jinsi mabaki ya vitambaa yanavyohifadhiwa mfukoni yakisubiri kiraka. Mambo madogo kama hayo humfanya msomaji aamini yale makubwa.

Katika mazungumzo vilevile, kanuni ni ile ile ya kumwamini msomaji. Mtoto hawezi kumwambia mama yake, “Mama, kama ujuavyo, baba alifariki miaka mitatu iliyopita na kutuachia deni.” Mama anajua. Maneno hayo yanasemwa kwa ajili ya msomaji, na msomaji hutambua mara moja kwamba anadanganywa. Watu wanaoishi pamoja husema nusu tu ya neno, na nusu iliyobaki huijaza kwa kimya.

Mwisho usiohubiri

Mwisho ndio unaowashinda wengi. Chanzo chake ni cha kueleweka. Ngano za mababu ziliishia kwa funzo, na insha za shule zikaurithi utamaduni huo. Lakini bibi aliyetamba ngano jioni baada ya ‘paukwa’ na ‘pakawa’ alikuwa na sauti, mikono na uso. Aliweza kuwakazia macho wajukuu wakati wa kutamka funzo lake, na wajukuu wakacheka au wakainamisha vichwa. Mwandishi hana uso huo. Funzo lake likitua kwenye karatasi huwa hubiri kavu.

“Tangu siku hiyo nilitambua kwamba mama ni mama hata akiwa rikwama,” ndivyo wengi wangefunga kisa cha cherehani. Kwa sentensi hiyo moja, shida yote ya mtoto, mtego wake na kimya chake vinafutwa, na msomaji anaondoka akiwa na methali ambayo alikuwa nayo tangu mwanzo.

Mwisho mwingine unawezekana. Asubuhi inayofuata, jirani anabisha hodi akiwa na kitambaa cha sare na mtoto wake mdogo. Mama anauchukua utepe wa kupimia, anampima mtoto mabega na kiuno, anaandika vipimo kwenye daftari kama kawaida yake, wala hasemi lolote kuhusu mashine. Mwanawe anatazama akiwa mlangoni na mkoba wa shule begani. Hadithi inaishia hapo. Je, atakwenda shuleni au gerejini? Mama atashona kwa mashine ya nani? Msomaji ataondoka na maswali hayo, na atayabeba kwa siku kadhaa.

Mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe alieleza mwaka wa 1842 kwamba hadithi fupi inafaa kusomwa kwa mkao mmoja, na kila kilichomo kielekee kwenye athari moja. Kigezo hicho kingali na manufaa. Sentensi isiyosaidia kuifikisha athari hiyo, hata iwe tamu kiasi gani, haina budi kuondolewa.

Kusoma na kuandika upya

Hakuna anayejifunza kuandika bila kusoma, lakini kuna kusoma kwa raha na kusoma kwa kifundi. Msomaji fundi akiguswa na ukurasa fulani hurudi nyuma kuuliza: mwandishi amefanyaje? Ameanzia wapi? Amenyamazia nini? Ameutumiaje wakati? Kuinakili aya moja kwa mkono na kuichambua neno kwa neno humfunza mtu mengi kuliko kukariri orodha ya tamathali za usemi.

Anayesoma hivyo atagundua pia kwamba kanuni huvunjwa, ila huvunjwa na waliozijua kwanza. Euphrase Kezilahabi aliandika ‘Rosa Mistika’ mwaka wa 1971, akiwa kijana wa miaka 27, kwa mtindo wa kihalisia unaofuata mkondo ulionyooka. Baada ya riwaya nyingine kadhaa ndipo alipotoa ‘Nagona’ mwaka wa 1990 na ‘Mzingile’ mwaka wa 1991, vitabu ambavyo msuko wa kawaida umepinduliwa juu chini. Anayeanzia kwenye mapinduzi bila kupitia msingi huishia kuwachanganya wasomaji, na kujichanganya mwenyewe.

Rasimu ya kwanza si hadithi. Ni udongo tu ambao chungu kitafinyangwa kutokana nao. Yafaa iwekwe kando kwa juma moja au mawili, kisha isomwe kwa sauti. Sikio hunasa kile ambacho jicho limekizoea: neno lililorudiwa, sentensi inayomwishia mtu pumzi, mazungumzo yasiyotamkika. Mara nyingi aya ya kwanza huweza kuondolewa bila hasara yoyote, kwa kuwa ilikuwa ya mwandishi kupasha misuli moto. Mara nyingi ya mwisho pia.

Subira inahitajika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021, anaandika kwa Kiingereza, na riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1987, takriban miongo miwili baada ya kuhamia Uingereza akiwa kijana.

Soko na dhamiri

Mwandishi wa Kiswahili nchini ana mtihani mwingine usiohusu ufundi pekee. Soko kubwa la vitabu ni shule, na mchapishaji hana budi kujiuliza kama kitabu kitafaa darasani. Kishawishi cha kuhubiri hurejea kupitia dirisha hilo. Lakini historia inaonyesha kwamba kitabu cha kweli huwa na maisha marefu kuliko hofu ya watu. ‘Rosa Mistika’ ilizuiwa katika shule za Tanzania ilipotoka, na leo haiwezi kukosa kutajwa panapozungumziwa riwaya ya Kiswahili.

Kwa anayeanza, hadithi fupi ndiyo mlango ulio karibu. Diwani kama ‘Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine’ na ‘Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine’ zimekusanya kazi za waandishi mbalimbali chini ya jalada moja. Kwa wenye miswada mirefu, kuna tuzo inayofadhiliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell, iliyoanzishwa mwaka wa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa ikiitwa Safal-Cornell. Tahadhari moja haina budi kutajwa: mwandishi ahifadhi nakala ya kila anachokiandika. Waliosoma ‘Kidagaa Kimemwozea’ wanakumbuka jinsi mswada wa Amani ulivyoangukia mikononi mwa Majisifu, ukatoka ukiwa na jina lisilo lake.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi wala ruhusa ya mtu. Anayetaka kujifunza na achague chumba kimoja anachokijua vyema na kitu kimoja kilichotoweka humo. Aandike ukurasa mmoja bila methali, bila machozi na bila funzo. Auweke kando juma zima, ausome kwa sauti, kisha afute kila alichomwambia msomaji ilhali msomaji angeweza kukiona mwenyewe. Kitakachosalia huenda kikawa mistari mitano tu. Hiyo mitano ndiyo ya kuanzia.